Soli Alizonishonea Mama

Jua lilikuwa linazama Mama aliponituma nikamwage machicha ya dawa.

Kwetu hiyo ni kazi ya kawaida. Mgonjwa akishachemshiwa mizizi na magome yake akanywa, machicha yanayobaki kwenye chungu hayatupwi jalalani. Yanamwagwa njia panda, wapita njia wayakanyage. Kila anayekanyaga huondoka na kipande cha ugonjwa chini ya kiatu chake, mwenyewe hajui, na mgonjwa hupata nafuu. Ndivyo tulivyolelewa. Sikuwahi kujiuliza wale wapita njia wanafika navyo wapi hivyo vipande.

Mgonjwa wetu alikuwa mdogo wangu, Baocheng. Ini. Miezi saba alikuwa amelala chumba cha nyuma nyumbani kwa Mama, ngozi imegeuka njano, anakohoa kikohozi chake kile kile kila siku: mara mbili fupi, kisha mluzi. Mkewe alikuwa amechoka kulia. Watoto wake wawili walikuwa wamefundishwa kucheza kimya kimya.

Nilibeba chungu hadi njia panda, pale penye duka la tambi. Nikakiinamisha.

Kilitoka kijiko kimoja tu cha machicha.

Nilishangaa, maana asubuhi ile nilikuwa nimemnunulia Mama dawa mfuko mzima. Niliporudi nilimkuta dirishani na sindano yake, anashona. Nikamuuliza, "Mama, machicha mengine yako wapi?"

"Nimeyamwaga mwenyewe," alisema bila kuinua macho. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe. "Lan, twende Mlima Hua. Mimi na wewe tu."

Ngoja nieleze kwa nini moyo wangu uliruka.

Mimi ni Xue Lanzhi. Nina miaka thelathini na sita, nafanya kazi ya udobi mjini Weinan, nimeachika, sina mtoto. Mlima Hua tunauona kila siku mbingu ikiwa safi, watu wanatoka pembe zote za China kuja kuupanda, na mimi sikuwahi kukanyaga hata ngazi yake ya kwanza. Baocheng alipelekwa akiwa na miaka kumi. Mimi nilibaki kuangalia kuku.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani. Kila mwaka Mama alimshonea Baocheng soli za ndani za viatu, za kitambaa, zenye maua ya nyuzi nyekundu na kijani. Alipooa alishonewa jozi nane. Mimi nilipoolewa niliambiwa macho ya Mama yameanza kuchoka. Yakapona mwaka uliofuata, Baocheng alipopata mtoto wa kiume.

Kama kuna ushahidi kwamba Mama aliwahi kunipenda, ulikuwa mmoja tu. Saa yangu ya kuzaliwa. Nilipokuwa mdogo aliniinamia akaniambia, "Mtu yeyote akikuuliza ulizaliwa saa ngapi, sema saa ya Mbuzi, mchana, baada ya chakula. Si kweli. Saa yako ya kweli ninayo mimi peke yangu. Anayejua saa yako amekushika nywele." Hata mimi hakuniambia. Nikakua nikijua kwamba kuna kitu changu kimoja Mama amekificha kifuani, hampi mtu. Siku nyingi nilizokuwa na uchungu nilijifariji kwa hicho.

Basi siku tatu baada ya ule mfuko wa dawa, alinikabidhi soli. Jozi moja. Maua ya peoni, mekundu, mshono mdogo mdogo wa mtu aliyekesha.

"Za mlimani," alisema.

"Mbona nene hivi?"

"Mlima una mawe. Nimejaza pamba."

Nilienda nazo kazini nikajifungia chooni nikalia. Mtu mzima mimi, kwa sababu ya vitambaa viwili. Usinicheke.

*

Tulipanda Jumamosi. Gari la waya, lile linaloning'inia angani, lilitupandisha hadi kilele cha kaskazini, tukaanza ngazi. Umati ulikuwa ule wa siku zote: vikundi vyenye kofia za rangi moja, viongozi wao wakipiga kelele kwenye vipaza sauti, wasichana wakipigwa picha ukingoni huku mama zao wakiwashika mikanda. Wapagazi walitupita na mizegazega yao mabegani, upande huu maji ya chupa, upande ule mayai na mafuta ya kula. Wanapanda polepole, wakiweka mguu kiupande, na hawashindani na mtu.

Mmoja alipumzika karibu yetu, jasho linamtiririka. Akamtazama Mama. "Mama mkubwa, ukichoka sema nikubebe. Binti yako simbebi, yeye kashiba."

Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani. "Huyu? Huyu ndiye atakayenibeba mimi!"

Tukakaa kwenye jiwe. Mama akatoa yai lililochemshwa kwenye majani ya chai, akalimenya lote, akaondoa hata ule utando mwembamba. Nilidhani analimenya lake. Akanipa.

"Kula," alisema. "Mlima ni mrefu."

Nililila polepole sana.

Mchana ulipogeuka alasiri, ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Ulipanda kimya. Kwanza ulimeza misonobari, kisha ukameza vilele vya mbali, kisha ukaja kwenye ngazi zetu. Watu wengi waligeuza wakarudi kwenye gari la waya. Sisi tuliendelea. Mama alitaka tufike Lango la Kufuli kabla ya giza.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu.

Dawa.

Ile ile. Magome machungu, mizizi iliyoungua chini ya chungu. Mimi ni dobi. Pua yangu haijawahi kunidanganya. Nilidhani ni koti la Mama, limeshika moshi wa jikoni. Lakini Mama alikuwa mbele, na upepo ulikuwa unatoka nyuma. Na harufu ilikuja kwa vipindi. Nikikanyaga, inapanda. Nikisimama, inatulia.

Nikikanyaga... inapanda.

Miguu nayo ilizidi kuwa mizito. Tulifika ule mgongo wa jiwe wanaouita Joka Bluu, ngazi nyembamba katikati, shimo kulia, shimo kushoto, minyororo pembeni. Mama ana miaka sitini na nane na goti bovu, lakini alikuwa anapanda mbele yangu kama anaitwa. Mimi nilivuta mguu mmoja, nikapumzika, nikavuta mwingine. Ukungu ukamfunika. Nikabaki peke yangu.

"Kaa, binti. Tango?"

Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi, ndoo ya matango katikati ya magoti. Wanauza matango mlimani, hilo si ajabu, yanakata kiu. Nilikaa. Nilikuwa nahema, na pumzi yangu ilitoka mvuke mweupe kwa baridi.

Yake haikutoka mvuke.

Niliona pia kwamba kila kitu pale kilikuwa kimelowa, minyororo, mawe, nywele zangu. Viatu vyake vya kitambaa vilikuwa vikavu kabisa. Niliyaona yote mawili na sikuyafikiria. Nilikuwa nimechoka.

Bibi alivuta hewa puani. "Nani anaumwa?"

"Mdogo wangu. Umejuaje?"

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Weinan."

"Hapana," alinong'ona. "Yuko ndani ya viatu vyako."

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

"Umekubali kubeba," aliuliza, "au umebebeshwa?"

"Bibi, sijabeba kitu. Mfuko wote kabeba mama yangu."

"Eeh. Mama yako." Aligeuza tango mkononi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mpagazi anayeujua mzigo wake hutua anapotaka. Asiyejua hubeba tu. Lakini mpagazi akianguka njiani, mzigo unamrudia mwenyewe. Hilo hawapendi kulisema. Wewe likumbuke." Akanisogezea uso. Hakuwa na harufu yoyote, hata ya matango. "Na ufunguo... usiutupe kwa mkono wako."

"Ufunguo gani?"

"Laaan!" Sauti ya Mama ilitoka juu, ndani ya ukungu. "Lan, giza linaingia!"

Niliinuka. Nilipanda ngazi kama ishirini, nikamkuta Mama amesimama, ameshika mnyororo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Muuza matango. Bibi mmoja, amechanganyikiwa kidogo."

Mama alitazama nyuma yangu. "Mimi nimepita hapo hapo," alisema taratibu. "Hakukuwa na mtu."

Akageuka haraka. Lakini nilishauona uso wake. Haukuwa wa mtu anayeshangaa. Ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

*

Lango la Kufuli ni mahali kila mgeni anapotaka kupiga picha. Minyororo yake imefunikwa na makufuli maelfu kwa maelfu, ya wapenzi, ya familia, ya wafanyabiashara, na vitambaa vyekundu vinavyopepea juu yake. Unachongesha majina, unafunga, unatupa ufunguo shimoni. Kilichofungwa hapo hakifunguki tena. Mchongaji wa pale alikuwa tayari anafunika meza yake kwa turubai.

Mama hakumhitaji. Alitoa mfukoni kufuli la shaba, limeshonewa kitambaa chekundu pande zote.

"Nimechongesha nyumbani," alisema. "La usalama wa familia."

"Nione."

"Ukiliona kabla halijafungwa halifanyi kazi. Funga wewe, vidole vyangu vimekufa ganzi."

Nililifunga kwenye mnyororo. Lililia *kach*. Mama akaniwekea ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. Mikono yake haikuwa na ganzi hata kidogo. Ilikuwa ya moto.

"Tupa, mwanangu."

Nilimkumbuka bibi. Sisemi sikumkumbuka, nilimkumbuka vizuri, neno kwa neno. Lakini mniambie nyinyi. Kati ya muuza matango nisiyemjua na mama aliyenimenyea yai, aliyeniita mwanangu kwa sauti ile, ungemsikiliza nani?

Nilitupa.

Ufunguo ulimezwa na ukungu. Nilisubiri niusikie ukigonga jiwe.

Haukugonga...

Haukugonga...

Kisha nyuma yangu mtu alikohoa.

Mara mbili fupi. Kisha mluzi.

Niligeuka. Ngazi tupu. Mchongaji alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa mbele yangu, mdomo umefumbwa, macho yametazama chini. Yalikuwa yanatazama viatu vyangu.

Viatu vilianza kupata joto. Si joto la kutembea. Lilikuwa linapanda kutoka chini, bichi, kama umekanyaga kitu kilichotoka tumboni mwa mnyama. Na chini ya wayo wangu wa kulia kitu kilijikunja. Kikajinyoosha.

Upepo ukapiga. Mshono mmoja wa kile kitambaa chekundu ulikuwa umekatika nilipokuwa nalisukuma kufuli, na sasa kitambaa kikajikunjua. Upande mmoja wa kufuli ulikuwa umechongwa *Xue Baocheng*. Upande wa pili, jina langu. Chini ya jina, tarehe yangu ya kuzaliwa. Chini ya tarehe, saa.

Saa ya Ng'ombe. Saa nane za usiku.

"Mama," nilisema, na bado nilikuwa mjinga kiasi cha kumhurumia, "saa wamekosea."

Mama aliendelea kutazama viatu vyangu.

"Mama. Wameandika usiku wa manane."

"Hawajakosea," alinong'ona.

Simu yangu ililia mfukoni. Ujumbe wa Baocheng, mtu ambaye kwa wiki mbili hakuwa na nguvu ya kushika simu. Maneno mawili tu.

*Asante, dada.*

Nilikaa kwenye ngazi. Nikavua viatu. Dobi hakosi mkasi mdogo wa kukatia lebo. Niliutoa nikazichana zile peoni. Hakukuwa na pamba. Kulikuwa na machicha, meusi, yamelowa, yanatoa mvuke kwenye baridi ile. Na ndani ya machicha kulikuwa na kucha, nyingi, za njano, na nywele fupi za mwanaume zilizofungwa kwa uzi mwekundu.

Mlima mzima nilikuwa nimemkanyaga mdogo wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilishonwa maua.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungekataa."

"Ungeniuliza, Mama! Ungeniuliza tu!"

"Ana watoto wawili, Lan." Alikuwa ananong'ona kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala. "Watoto wawili, mke, na jina la baba yako. Sikukuchukia. Sijawahi kukuchukia. Niliwaza siku nyingi. Wewe una nani?"

"Nina wewe," nilisema.

Alijivuta koti kifuani.

"Miguu yetu inalingana, Mama. Namba thelathini na saba, wote wawili. Kwa nini hukuzivaa wewe?"

Aliitazama miguu yake. Aliitazama, ukungu ukimlowesha nywele. Ningemsamehe uongo wowote. Angesema mlima ulimkataa, angesema ni mzee mno, ningeshika hicho nikaondoka nacho. Hakusema kitu. Na ile saa, kile kitu changu kimoja alichokificha kifuani miaka thelathini na sita, ilikuwa inaning'inia hapo kwenye mnyororo kila mpita njia aisome.

"Yule bibi ameniambia," nilisema, na sauti haikuwa yangu. "Mpagazi akianguka njiani, mzigo unamrudia mwenyewe. Unasikia? Nikianguka mimi, unamrudia Baocheng."

Hapo ndipo Mama alipolia. Nilipomtaja Baocheng.

Nilitupa soli shimoni nikateremka na soksi zilizolowa ndani ya viatu vitupu. Havikuwa vyepesi hata kidogo. Kwenye gari la waya la mwisho nilimuuliza mzee anayekata tiketi kuhusu muuza matango wa pale Joka Bluu.

"Pale hairuhusiwi kuuza kitu," alisema. "Watu wataanguka." Akakata tiketi yangu, akaishika, akasita. "Zamani alikuwepo mmoja. Wakubwa zangu walikuwa wanasimulia. Alipanda na bintiye, akashuka peke yake. Siku ya pili akarudi na ndoo, akakaa pale pale kumngoja. Ila huyo alishakufa kabla sijaajiriwa." Akanitazama usoni. "Umemuona na nani?"

"Nilikuwa peke yangu," nilisema.

*

Baocheng alikula bakuli zima la tambi jioni ile ile tuliyofunga kufuli. Mkewe ndiye aliyenisimulia, kwa furaha, hana habari. Baada ya wiki sita alikuwa amerudi kwenye kibanda chake cha kuziba matairi, mashavu yamejaa. Hospitali walishangaa wakampongeza.

Mimi kikohozi kilinianza mwezi wa kumi na moja. Mara mbili fupi. Kisha mluzi.

Wateja wakaanza kurudisha nguo. "Dada Xue, shuka zangu zinanuka dawa." Nazifua mara ya pili, mara ya tatu, kwa maji ya moto. Zinanuka. Nimepimwa mara nne na hakuna kilichoonekana, isipokuwa daktari wa mwisho aliniuliza macho yangu yalianza lini kuwa ya njano.

Baocheng alikuja kuniona na tufaha kilo tano. Alikaa ukingoni mwa kiti, anazungusha kofia.

"Dada, mimi nilidhani Mama amekuambia."

"Ulidhani?"

"Aliniambia dada yako amekubali." Hakuinua macho. Hakuweza hata kuitazama miguu yangu. "Ningejua..."

"Ungejua, ungefanyaje?"

Akaanza kulia kimya kimya. Aliondoka bila kunijibu. Wote wawili wana tabia hiyo hiyo, wameirithishana.

Jioni ile nilinunua kitambaa, sindano na nyuzi nyekundu. Sikuwahi kufundishwa kushona soli; nilijifunza kwa kufumua jozi ya dukani. Nilishona wiki tatu, kila jua likizama, dirishani. Ndege wawili na ua la boga, kwa sababu Mama anapenda maboga. Namba thelathini na saba. Dawa najichemshia mwenyewe siku hizi, kwa hiyo machicha hayakosekani. Kucha ninazo. Nywele zinatoka zenyewe.

Nitasema ukweli. Sikutaka azivae. Nilitaka azinuse. Alijaza jozi ile kwa mikono yake; harufu ile angeijua gizani. Nilitaka azitupe sakafuni apige kelele, aniite mchawi, halafu aone aibu ya neno hilo kinywani mwake. Nilitaka aniangukie. Nilitaka neno moja tu, samahani, na nilikuwa radhi kuzichoma moto siku hiyo hiyo nikaendelea kukohoa.

Nilimpelekea siku ya uji wa nafaka nane, mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu, wakati kila binti anarudi kwao. Alikuwa peke yake jikoni. Niliweka soli mezani.

Mama alipangusa mikono kwenye aproni. Akazishika. Akapitisha kidole juu ya ndege, juu ya ua, juu ya mishono yangu iliyopinda.

"Hakuna mtu aliyewahi kunishonea," alisema.

Kisha akaziinua hadi puani.

Nilimtazama. Kifua chake kilipanda, kikabaki juu. Nilisikia sufuria ikitokota. Nilisubiri.

Akashusha pumzi. Akavuta kiti, akakaa, akavua kiatu cha kulia. Akaingiza soli, akaisawazisha kwa kidole gumba, akavaa. Akavua cha kushoto. Akaingiza, akavaa, akafunga kamba fundo mbili. Alisimama akatembea kutoka jiko hadi mlangoni na kurudi.

"Zimenikaa," alisema.

"Mama..."

Alinijia karibu, akaniinamia sikioni, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

"Saa ya Jogoo," alinong'ona. "Jua likizama. Bibi yako alinificha hata mimi, akaniambia siku ya kufa kwake. Mwambie mchongaji asikosee."

Tunaondoka asubuhi. Kufuli liko mkobani, nimelishonea kitambaa chekundu. Mama amenikataza nisibebe chochote kizito. Tangu jana nikilala kikohozi kinasikika kutoka mlangoni, pale alipoacha viatu vyake.

Usiku huu nimemuuliza. Ilinibidi nimuulize, sitaki kutupa ufunguo mwingine bila kujua.

"Mama, nikianguka mimi, mzigo unamrudia Baocheng. Ndiyo maana umezivaa? Unanibebea mimi, au unambebea yeye?"

Alikuwa ameketi kwenye taa, kichwa ameinamisha, anamenya yai. Aliondoa ganda lote, akaondoa hata ule utando mwembamba. Akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Kula," alisema. "Mlima ni mrefu."